Boti Niliyoikaza Kupita Kiasi

Mimi ni Zakaria, fundi wa boti za mbao na nahodha wa abiria. Bujumbura nzima inanijua, na kama kuna mtu hanijui, basi huyo hajawahi kupanda boti. Mwezi uliopita niliacha kazi. Hakuna aliyenistaafisha. Kazi yetu haina barua wala sherehe. Siku magoti yanapokataa kuingia chini ya boti, unaweka tezo chini, unawaaga wenzako, unakwenda nyumbani. Nina miaka hamsini na mitatu na magoti ya mtu wa themanini. Mengine yote ni ya kijana, muulizeni mke wangu.

Ninyi mnaobaki pale ufukweni mmeniomba niandike. Nilisoma hadi darasa la nne, na hilo la nne nililisoma nusu. Binti yangu amenisahihishia herufi. Alitaka kunipunguzia na majivuno pia, nikamwambia asiyaguse, hayo nimeyatolea jasho. Habari za mshahara na vyeo naziruka: mshahara ulikuwa mdogo na vyeo havikuwepo. Nitaandika kazi.

Nilifika ufukweni miaka ya mwanzo ya vita, nikitoka mtaa wa Kinama kwa miguu. Watu wa Kinama walikuwa wanahama, wenzangu wamebeba magodoro kichwani, mimi nimebeba msumeno. Huko nilikuwa natengeneza vitanda na meza za baa, na nilikuwa bora, sitaki kuficha. Nikahamia kwa mjomba wangu, mtaa wa Buyenzi. Nikakuta hakuna anayenunua kitanda. Kila mtu alikuwa anafikiria kukimbia, na kitanda hakikimbii. Lakini boti zilitakiwa sana. Barabara leo inafungwa, kesho inafunguliwa, keshokutwa hujui. Ziwa hakuna aliyeweza kuliwekea kizuizi.

Mwenye kazi pale alikuwa Mzee Ramazani, mwembamba, mpole, Mswahili wa Buyenzi wa tangu enzi za babu zake. Alitengeneza boti na aliziendesha pia: alichukua abiria mjini, akapita ziwani mpaka mlango wa mto Rusizi, akapanda mto hadi vijiji vya upande wa Gatumba. Nilimsalimia nikamwambia mimi ni fundi mkubwa.

"Fundi wa nini?"

"Wa vitanda, muzee."

"Kitanda kikivuja, kuna mutoto amekojoa," akasema. "Boti ikivuja, ni watu. Kaa chini."

Nikakaa. Wiki tatu hakunipa chombo chochote. Alinipa pamba. Kazi yangu ilikuwa kuisokota juu ya paja iwe kamba nyembamba, kuilowesha kwenye mawese, na kusokota nyingine. Hiyo ndiyo kalafati, kamba inayojazwa kwenye nyufa kati ya mbao na mbao ili maji yasiingie. Mpaka leo paja langu la kulia halina unywele hata mmoja. Wanaonicheka niwaambie, mapaja yao hayajawahi kufanya kazi.

Baadaye nikapewa patasi butu na nyundo ya mbao. Unaweka kamba kwenye ufa, unaweka patasi juu, unagonga. Mzee alikuwa anasikiliza kwa mbali, anakunywa chai yake, halafu anasema, "Hapo umeruka." Nakwenda kuangalia, kweli nimeruka. Nilidhani ni mchawi. Baada ya mwaka na mimi nikawa nasikia. Ufa uliojaa unajibu kwa sauti fupi, ufa mtupu unajibu kwa sauti pana. Ninyi wa siku hizi mnaosikiliza muziki masikioni mkigonga, mtazisikia sauti hizo wapi?

Tena kulikuwa na desturi ambayo ninaona inaanza kupotea, na nawaomba msiiache. Aliyeziba boti ndiye anapanda safari yake ya kwanza, pekupeku, ili nyayo zake ziwe za kwanza kujua. Kama maji yanaingia, yanaanza na wewe. Ningefurahi sana kama waliojenga zile villa za matajiri kule Kiriri wangelazwa sebuleni kwao siku ya mvua ya kwanza.

Mwaka wa pili Mzee akaanza kunifundisha kuongoza. Nilifikiri ni mambo ya kushika usukani na kuvaa kofia. Safari nne nzima alinikalisha mbele na upondo, ule mti mrefu wa kupimia kina, nikawa napiga kelele tu: "Mikono miwili! Mikono mitatu!" Maji ya Rusizi ni ya udongo, ya ziwa ni ya buluu, na pale yanapokutana kuna mstari utafikiri umechorwa. Chini ya mstari huo kuna mchanga, na mchanga ule unahama. Njia ya mwezi uliopita si njia ya leo.

"Sasa njia utaijuaje?" nikamuuliza.

"Uliza mwenyeji," akanionyesha viboko kwa kidevu.

Jifunzeni hili vizuri, hamtalikuta kwenye karatasi. Kiboko ndani ya maji anatembea chini, kwa miguu yake, na anapenda kupita palepale kila siku. Uzito wake unachimba. Barabara ya kiboko ndiyo maji marefu. Ukiona masikio na macho tu, pale pana kina. Ukiona mgongo na tumbo, pale ni mchanga, usisogee. "Fuata barabara yake," Mzee alisema, "lakini ujue kwanza kama mwenyewe hayupo nyumbani."

Siku ya kwanza kushika usukani nilimwona mtu wa Kinama niliyemfahamu amesimama kando ya mto. Nikampungia mkono ili aone nimefika wapi. Nilifika kwenye matete. Abiria mmoja aliyepanda na kuku wawili akashuka na mmoja. Mzee hakunigombeza. Alimwambia tu yule abiria, "Samahani, mama, nahodha wetu anajulikana sana."

Miaka ile boti ilikuwa mahali pazuri kuliko mji. Watu wa kila aina walikaa magoti kwa magoti, mwenye kapu la dagaa wetu wa ndagala, mwenye viazi, mwalimu, askari wa likizo. Mjini mtu alikuwa anaangaliwa usoni na kuulizwa anatoka kilima gani, ili ijulikane ni wa upande gani. Kwetu swali la kwanza lilikuwa unajua kuogelea, na la pili halikuwepo. Walicheka sana humo ndani. Nami nilikuwa nahodha msaidizi mwenye kifua mbele.

Sasa nifike kwenye ile kazi ambayo wote mnaniulizia.

Alikuja mama mmoja mnene, sauti yake inamtangulia, anauza vitenge mtaa wa Rohero. Mpwa wake, Esperansi, alikuwa anaolewa na kijana wa kijiji kimoja upande wa Gatumba. Mama huyu alikuwa dada wa baba yake, kwa hiyo bibi arusi alimwita Masenge, kama Warundi wanavyomwita shangazi, na kwa sababu alikuwa mtu wa namna ile, kabla hajamaliza kukaa sote tukawa tunamwita Masenge. Harusi ilikuwa imeshindikana mara mbili. Mara mbili Esperansi alivaa gauni, akapanda gari, wakafika kizuizini wakaambiwa barabara imefungwa, akarudi nyumbani akavua. Sasa padre alikuwa amepata ruhusa ya kwenda kule Jumamosi moja. Misa saa nne. Saa sita padre anaondoka, kwa sababu baada ya hapo barabara yake yeye inafungwa, na hakuna aliyejua atarudi lini.

"Mara ya tatu," Masenge akasema, "mi sitaki barabara. Nataka maji."

Boti iliyokuwa na nafasi ya watu wao ilikuwa nchi kavu tangu mwanzo wa kiangazi. Jua lilikuwa limeikausha mpaka nyufa zake zinaingiza kidole. Mzee alikuwa na safari ya Rumonge kutafuta mbao, akaniachia. "Izibe kidogokidogo," akasema. Mimi nikasikia neno la kwanza tu.

Jamani, niliiziba boti ile! Siku tano. Kila ufa niliujaza pamba tabaka tatu, nikagonga mpaka nyundo ikapasuka, nikatengeneza nyingine nikaendelea. Nilitaka Mzee akirudi asikie sauti fupi kuanzia mbele mpaka nyuma. Watu wa ufukweni walikuja kuiangalia. Nilimwambia mmoja kwamba hata mchwa akitaka kupita hapa aombe ruhusa. Jumatano asubuhi tukaiingiza majini, nikaingia pekupeku, nikakaa. Hata tone! Nikakaa mle kama waziri, nakula karanga.

Saa nane mchana nikasikia pah! Nikafikiri ni bunduki, maana siku zile ukisikia pah hufikirii kitu kingine. Nikalala chini. Nikiwa nimelala nikasikia pah ya pili, karibu na sikio langu, na msumari ukaruka ukanigonga begani. Halafu wa tatu. Boti ilikuwa inajifungua misumari yenyewe, na maji yanaingia kwa furaha.

Mzee alirudi jioni ile. Akazunguka boti iliyovutwa mchangani, akagonga ubao kwa kidole, akacheka mpaka akakaa chini.

"We mutu, umeikaza kama ngoma," akasema. "Mbao kavu ina kiu. Ikiingia majini inakunywa, ikikunywa inanenepa. Umeiachia nafasi ya kunenepa?"

"Hapana, muzee."

"Basi imesukuma jirani yake. Jirani amesukuma jirani. Wa mwisho ametoka nyumbani."

Mbao mbili zilikuwa zimeachana na mataruma, zile mbavu za boti. Harusi ni Jumamosi. Usiku ule na Alhamisi asubuhi tulizirudisha, tukang'oa pamba yangu ya siku tano, tukaweka kamba moja moja, legevu, ambayo hata mtoto angesema haijazibwa. Kisha tukafanya linalofanywa kwa mbao zenye kiu. Tukaijaza boti mawe, tukaizamisha kwenye maji ya kifuani, tukaiacha inywe mpaka ishibe. Kwa kawaida huchukua siku nne. Sisi tulikuwa na mbili.

Ijumaa saa tisa nikaona mwavuli unakuja. Alikuwa Masenge, na nyuma yake Esperansi mwenyewe, msichana mrefu aliyeinamisha macho.

"Nimekuja kuona boti," Masenge akasema. "Iko wapi?"

"Iko pale, mama."

"Pale wapi? Mi naona maji."

"Chini yake."

Akaweka mkoba chini polepole. "Yesu wangu! Ramazani! Hawa watu wako wamezamisha boti ya mutoto wangu, na wamesimama hapa wananiangalia tu!"

"Haijazama, mama," Mzee akasema. "Inakunywa."

"Inakunywa! Nimeshaona wanaume wa ufukweni wanakunywa. Boti apana, ndiyo mara ya kwanza."

"Ikishiba inaziba yenyewe. Ilikuwa tayari tangu Jumatano, lakini kuna mutu ameipenda kupita kiasi." Akanionyesha kwa kidevu, kama alivyoonyesha viboko.

Masenge akaniangalia kuanzia nywele mpaka kucha. "Huyu? Kesho huyu atakaa mbali na usukani, ninaomba."

"Huyu ndiye atashika usukani," Mzee akasema. "Aliyeiziba ataiongoza. Ikiwa na shida, atafanya haraka kuliko mimi."

Mimi mwenyewe ndiyo kwanza nilikuwa nasikia habari hiyo. Nikasimama wima.

"Kesho saa moja ikiwa bado inakunywa," Masenge akaniambia, "utatubeba kwa mugongo, mumoja mumoja. Utaanza na mi." Na hakuwa mtu wa kubebwa na mmoja.

Esperansi alisogea hadi ukingoni mwa maji. Alikuwa anaangalia yale maji, pale boti ilipolala, kama anavyoangaliwa mgonjwa. Nikamwambia, "Dada, utafika." Akaitikia kwa kichwa, ila macho yake hayakuniamini, na sikuwa na la kumlaumu.

Jumamosi alfajiri tukatoa mawe, tukachota maji. Nikaingia pekupeku, nikakanyaga kila ubao. Unyevu kidogo kwenye kiungo cha nyuma, jasho tu. Mbao zilikuwa zimeshikana zenyewe kwa zenyewe vizuri kuliko nilivyoweza kuzishikanisha kwa nyundo mbili. Saa moja na nusu tukaondoka na watu ishirini na wawili, moteri inaimba, wanawake wanaimba, mtu anapiga bido, dumu tupu la mafuta, kama ngoma. Bibi arusi nilimweka katikati kabisa, juu ya shuka jeupe, na Masenge pembeni yake, kwa sababu uzito mkubwa unakaa katikati. Sababu hiyo sikuisema.

Esperansi aliinamisha uso muda wote. Bibi arusi wa kwetu hachekicheki. Akicheka wakwe watasema huyu amefurahi kuondoka kwao. Kila wimbo ulipokolea Masenge alimgusa goti, "Uso, mama, uso."

Tulifika mlango wa Rusizi saa tatu na dakika chache. Mstari ule wa maji mawili uko mbele yangu, jua zuri, na kwenye barabara yangu ninayoijua wamelala viboko saba, familia nzima, wako nyumbani. Nikageuza kushoto. Mzee alikuwa mbele na upondo.

"Mikono miwili," akasema. Kisha, "Mukono mumoja, Zakaria."

"Najua," nikasema.

Boti ikapanda juu ya mchanga taratibu, ikatulia. Nimefika mahali pengi kwa neno lile "najua", na pengi kati ya hapo hapakuwa na maji.

Nikarudisha moteri nyuma, ikachafua maji tu. Kushuka kusukuma hatukuweza, viboko wako hatua hamsini na wametugeukia. Nyimbo zikakatika. Mzee akaweka upondo juu ya magoti yake, akasema kwa sauti ya wote kusikia, "Nahodha, tunafanya nini?" Nilimchukia kwa muda wa pumzi moja. Nikatazama saa ya mwanaume mmoja: tatu na nusu. Esperansi alikuwa ameshika kola ya gauni lake kwa mikono miwili, kama mtu anayejiandaa kulivua.

Nikakumbuka jinsi ya kutoa nguzo iliyozama mchangani: huivuti, unaitikisa. Nikasimama juu ya ubao wa nyuma.

"Wazee wangu, mama zangu! Tunacheza! Kulia wote, kushoto wote! Piga bido!"

Wakanitazama kama kichaa. Kisha yule wa bido akaanza, mama mmoja akasimama, wa pili akamfuata. Kulia! Kushoto! Boti ikalia chini, krr, krr. Moteri nimeikaza mpaka mwisho. Ikasogea shibiri, ikasimama. Ikasogea tena, ikasimama. Chini ilikuwa imeshikwa palepale katikati, chini ya shuka jeupe, walipokaa wawili wasiocheza.

"Masenge," nikasema, "na ninyi."

"Bibi arusi haruki! Unataka bakwe waseme nini? Na mi sisimami, niko na umri."

Hapo ndipo nilimsikia Esperansi kwa mara ya kwanza. Sauti yake ilikuwa nene, tofauti na nilivyodhani.

"Masenge, hii robe nimeivaa mara tatu. Mara mbili nimeivua nikilia. Leo haitoki mpaka padre aione."

Akavua viatu, akamkabidhi shangazi yake, akapanda juu ya ubao wa kukalia. Akacheza. Jamani, msichana yule alikuwa anajua kucheza! Kulia, gauni linakwenda kulia, kushoto, gauni linachelewa kidogo halafu linafuata. Vigelegele viliwafanya viboko wawili wazame. Masenge akaruka kumshika asianguke, na ili kumshika ilibidi asimame, na aliposimama boti ililala upande mmoja kama mtu aliyesukumwa usingizini, ikapumua, ikateleza. Tukaingia maji ya udongo, marefu, tukaanza kupanda mto, Masenge bado amemkumbatia mpwa wake kiunoni, anapiga kelele, "Nimewatoa! Mi ndo nimewatoa!" Hakuna aliyembishia, hata mimi, na mimi siwaachii watu sifa zangu hivihivi.

Tulitia nanga kijijini saa tano kasoro robo. Gari la padre lilikuwa limewashwa, alidhani hatuji tena. Watu walitoka ndani ya boti mbio, wakapandisha njia ya kanisa na bido yao, na mimi nikakimbia nao, Mwislamu pekupeku mwenye mafuta ya moteri mpaka viwikoni, nikasimama mlangoni kwa nyuma. Padre alikuwa ameshika saa mkono mmoja na kitabu mkono wa pili. Esperansi alisimama mbele yake na upindo wa gauni umelowa. Alikuwa anacheka. Alijaribu kuinamisha uso, ukakataa. Wakwe wakaanza kunong'onezana, na Masenge akawaambia kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "Ni jua la ziwani, limemukunja uso."

Padre alianza kumuuliza yule msichana kama anamkubali huyu kijana. Hakulimaliza swali. Esperansi alisema ndiyo, kwa nguvu, kama anayeita boti iliyoanza kuondoka.